Kila Tatizo Fundi Anasema "Tupige Windows Upya": Maswali Yenu na Majibu

Meseji za mwezi huu karibu zote zinafanana: mtu kompyuta imemsumbua, kaipeleka kwa fundi, fundi hata hajaifungua kasema tupige Windows upya, sasa anauliza huo ni ushauri kweli au anazungushwa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndani yake kuna kitu wengi wenu mnakipitia na hakuna anayewaelezea.

SWALI: Habari kaka, pole na majukumu. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Morogoro. Nina laptopu ya HP, nilinunua used, ina hadi diski ya GB 500. Ilianza kuwa nzito, yaani unawasha, unaenda kuchota maji, unarudi bado lile duara linazunguka. Fundi mmoja mjini akaniambia Windows imechoka, akapiga upya nikalipa, ikawa nyepesi kweli kama wiki tatu hivi alafu ikarudi kulekule, na sasa kuna wakati inatoa kasauti tk tk tk inaganda. Nimempelekea tena anasema tuipige tena labda ile ya mwanzo haikuingia vizuri. Mitihani niliyotunga na maksi za kidato cha nne zote ziko humo. Huyu fundi yuko sahihi au nakula hasara?

JIBU: Mwalimu, kwanza mafaili, fundi tutamuongelea baadaye. Hiyo mashine usiiwashe kwa kazi yoyote zaidi ya kutoa vitu vyako. Chomeka flashi au hadi diski ya nje, anza na mitihani na maksi, alafu picha za familia, alafu mengine kama itakuruhusu. Usianze na lile folda kubwa la muvi. Faili likigoma kukopika liruke nenda lingine, maana ukiling'ang'ania diski inasoma palepale pabovu tena na tena na inazidi kuumia. Hiyo sauti ya tk tk ndo imenifanya nianze hivi, mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinajaribu sehemu, kinashindwa, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena, na diski ikifikia hapo inaweza ikadumu miezi au ikazima kesho asubuhi.

Sasa swali lako. Hapana, hayuko sahihi, na usimruhusu aipige tena mpaka diski ipimwe.

Kupiga Windows upya ni kufuta mfumo uliopo na kuandika mwingine mahali palepale, basi. Inaondoa programu zilizojazana, draiva (programu za kuendeshea vifaa) zinazogombana, virusi vingi, na mafaili ya mfumo yaliyoharibika. Haigusi RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), haisafishi feni iliyoziba vumbi, haikazi waya wa skrini uliolegea, haiponyeshi diski. Kama tatizo liko kwenye chuma utapiga Windows hata kila mwezi na utalikuta linakusubiri.

Utauliza, sasa mbona ile ya kwanza ilisaidia wiki tatu? Hapa ndo panapowachanganya watu na mafundi wenyewe panawadanganya. Hadi diski ya kuzunguka imegawanywa vipande vidogo vidogo vinaitwa sekta. Sekta ikianza kufa diski inahangaika kuisoma, inarudia, inarudia, na muda wote huo Windows imesimama inasubiri, ule uzito ulioandika ndo huo. Hiyo sekta diski inaiweka kwenye orodha ya zinazosubiri, haiwezi kuitupa tu kwa sababu huenda data yako bado imo. Sasa ukiandika kitu kipya juu yake, na kupiga Windows ni kuandika gigabaiti nyingi kwa mpigo, diski inapata nafasi ya kuamua: ikiona haishiki data tena inaitelekeza na kutumia nyingine kutoka kwenye akiba ambayo kiwanda kiliiacha pembeni kwa kazi hiyo. Windows mpya inajikuta imekaa sehemu nzima, mashine inakuwa nyepesi, wewe unafurahi na fundi anaamini kabisa ametibu. Kilichokuwa kinaziua zile sekta lakini bado kipo, zinakufa zingine, unarudi ulipokuwa. Tofauti ni kwamba safari hii data za zamani zilizokuwa sehemu hizo zimeshaandikwa juu na hata mtaalamu wa kurudisha data hapo hana cha kukusaidia.

Kupima hakuhitaji hela. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda Performance alafu Disk. Iache mashine itulie dakika kadhaa bila kufungua kitu. Kama asilimia imeng'ang'ania 100 lakini kasi ya kusoma huku chini ni kilobaiti chache au megabaiti moja, na pale palipoandikwa Average response time unaona mamia au maelfu ya milisekunde, diski inateseka. Ya kuzunguka yenye afya ikiwa imetulia inajibu kwa milisekunde chache, makumi ikizidi sana.

Alafu pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure (na bora uiweke kwenye flashi uiendeshee hukohuko, usiandike kitu kwenye hiyo diski). Inasoma kumbukumbu ambayo diski inajiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ndo basi tena. Usiishie kwenye rangi lakini, shuka kwenye mistari ya 05, C5 na C6. Ya 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, C5 ni zile zinazosubiri, C6 ni zilizoshindikana. Angalia safu ya mwisho kulia, yote ikiwa sifuri nitakubali tatizo huenda liko kwingine. C5 ikiwa na namba na keshokutwa namba imepanda, hakuna Windows itakayoituliza. Na kuna mtu atakwambia endesha chkdsk yenye /r itarekebisha, hiyo usiiguse kabla hujatoa mafaili kwa sababu inasoma diski nzima mwanzo mpaka mwisho na diski inayokufa inaweza kukata roho humohumo.

Ikithibitika ni diski, dawa ni SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, laptopu nyingi za umri huo inaingia mahali palepale pa ile ya zamani. Hapo sasa ndo unapiga Windows, kwenye diski mpya isiyo na kitu. Na kwa jinsi ulivyoielezea hiyo mashine, hutaamini ni ileile, kwa sababu SSD haina kichwa cha kutembea kutafuta vitu. Ile diski mbovu usimwachie fundi, hata kama haisomi. Mitihani iko humo mwalimu, ichukue uende nayo nyumbani.

Kuhusu fundi mwenyewe, mimi sitamwita mwizi. Kupima diski vizuri, kupima RAM, kufungua na kusafisha, hayo ni masaa, na mteja wa kwetu hakubali kulipia "kuangalia", anataka atajiwe bei akiwa bado amesimama mlangoni. Kupiga Windows bei yake inajulikana mtaa mzima, kazi inaisha chini ya saa moja, na mashine inatoka na sura mpya. Kwa hiyo ndo limekuwa jibu la kila kitu. Lakini ni kama kuandikiwa dawa ya malaria bila kutobolewa kidole, unaweza ukapona kweli, ila hakuna aliyejua ulikuwa unaumwa nini. Mwambie tu kwa heshima: fundi, nionyeshe umeona nini. Fundi anayejua kazi atakugeuzia skrini akuonyeshe.

Kuna jambo lingine linaniuma kwenye hii biashara. Ile flashi yake mara nyingi ina Windows isiyojulikana imetoka wapi, imeshatiwa kile kiprogramu cha kuiaktiveti kwa magendo, na ili kifanye kazi antivirasi lazima izimwe kwanza. Virusi vinavyofunga mafaili ya watu na kudai fidia vimesambaa sana kwa njia hii ya programu za magendo. Na mara nyingi wala hakukuwa na haja, maana laptopu za kuanzia enzi za Windows 8 zilizotoka kiwandani na Windows nyingi zina namba ya leseni ndani ya ubao wenyewe, ukiweka toleo lilelile inajitambua pale tu ikipata intaneti.

SWALI: Shikamoo kaka. Niko chuo mwaka wa tatu hapa Dodoma. Juzi laptopu ilijiapdeti usiku, asubuhi nawasha inaleta skrini ya bluu yenye ule uso wa huzuni, inajirestati, inarudi hapohapo. Hosteli nzima wananiambia fomati. Risachi yangu iko kwenye Desktop na sina kopi popote. Naogopa kweli.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, tulia, risachi yako kuna uwezekano mkubwa sana iko palepale ulipoiacha. Mfumo kushindwa kuwaka na mafaili kupotea ni vitu viwili tofauti, na atakayeipoteza hiyo risachi ni huyo wa kufomati.

Kwanza ile skrini ina maneno ya herufi kubwa, ipige picha na simu. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na MEMORY_MANAGEMENT hayatibiwi sawa kabisa, ya pili mara nyingi inakupeleka kwenye RAM. Watu wanaangalia ule uso wa huzuni tu, maneno yenye maana hawayasomi.

Alafu iache ishindwe kuwaka mara mbili tatu, au ikiwa inaanza kuwaka shikilia kitufe mpaka izime, rudia, itafungua yenyewe ukurasa wa bluu wa matengenezo. Nenda Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, ondoa ile ya karibuni. Kwa maelezo yako kwamba imeanza baada ya apdeti hapo ndo pa kuanzia, na ina nafasi nzuri ya kuwaka hapohapo. Ikigoma rudi Advanced options uingie Startup Settings uchague Safe Mode, hiyo inawasha Windows na vitu vichache vya lazima tu. Ikiwaka, kabla ya yote kopi risachi kwenye flashi na ujitumie kwa imeili. Baada ya hapo ndo unafungua Command Prompt kama administreta unaandika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth na ikimaliza sfc /scannow, hizo zinakagua mafaili ya Windows na kubadilisha yaliyoharibika bila kugusa vyako. Ile ya kwanza mara nyingi inahitaji intaneti, kwa hiyo jaribu Safe Mode yenye Networking na chomeka waya wa mtandao au washa intaneti ya simu kwa waya wa USB.

Nikupe mfano mkubwa ili siku nyingine ukiambiwa fomati uwe na la kujibu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma apdeti yenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 duniani zikaingia kwenye skrini ya bluu kama yako, zinajirestati bila mwisho. Viwanja vya ndege vikakwama, hospitali na benki zikakwama. Suluhisho lililotolewa halikuwa kufomati kompyuta milioni 8.5. Ilikuwa ni kuingia Safe Mode, kwenda kwenye folda la CrowdStrike ndani ya draiva za Windows, kufuta faili moja linaloanza na C-00000291, na kurestati. Faili moja! Zingine zilipona kwa kurestatiwa tu mara nyingi mfululizo. Kazi iliyochosha watu ilikuwa kwamba mashine nyingi zilitakiwa kufikiwa moja moja kwa mkono, na nyingi zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kufunga diski) ikabidi kutafuta funguo zake.

Na hiyo BitLocker inaweza kukukuta na wewe. Ukiombwa namba ya tarakimu 48 usishtuke wala usikisiekisie, ingia kwa simu kwenye akaunti ya Microsoft uliyoitumia kwenye hiyo laptopu, kama ilihifadhiwa utaikuta huko.

Vyote vikigoma kabisa, mtafute mwenzako wa IT akutengenezee flashi ya Ubuntu (mfumo mwingine wa bure, siyo Windows), unawasha laptopu kutoka kwenye flashi bila kuinstoo chochote, unafungua diski unatoa risachi (kama ina BitLocker utahitaji ile namba hapa pia). Ndo baada ya hapo, ukiwa na kopi mbili mkononi, unaweza kuongelea kupiga upya. Na hata hapo kuna kupiga na kupiga, ile Reset this PC ina chaguo la Keep my files, inabakiza mafaili yako ila programu zote zinaondoka. Hakuna sababu ya kukimbilia kusafisha diski nzima.

SWALI: Kaka salama? Nina steshenari Mwanza karibu na chuo. Wateja wanaleta flashi, wakichomeka kwenye mashine yangu mafolda yote yanageuka shotikati, wakifungua hamna kitu. Mmoja amelia kabisa hapa. Nawafomatia flashi zao lakini kesho yake tena. Nifanyeje?

JIBU: Salama, ila acha kufomati flashi za watu leo hii. Vitu vyao vimo! Hicho kirusi kinaficha mafolda ya kweli na kuweka shotikati zenye majina yaleyale, ukibonyeza shotikati kinajiendesha chenyewe na kuhamia kwenye kompyuta. Fungua Command Prompt, na kama flashi imesoma kama E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* alafu Enter, subiri. Ukifungua flashi utakuta mafolda yamerudi, pengine yako ndani ya folda lisilo na jina. Futa shotikati zote, na ukiona faili lolote la .vbs au .js ambalo mteja halijui futa nalo. Yule aliyelia mtafute, kama flashi yake hujaijaza vitu vingine baada ya kuifomati jaribu PhotoRec, ni ya bure, inaweza kurudisha mengi. Ila yaliyorudishwa yahifadhi kwenye kompyuta, usiyaandike kwenye flashi ileile.

Kinachorudisha hivyo virusi kila siku ni mashine yako. Na hapa, tofauti na wawili waliotangulia, mimi nitakuunga mkono kuipiga Windows upya, kusafisha diski yote kabisa. Mashine ya steshenari inapokea flashi za watu wasiojulikana kutwa nzima, hujui kimejificha nini kingine humo, na watu wanafungulia imeili zao hapohapo na kuandika nywila. Ukishaambukizwa kwa kiwango hicho huwezi tena kuiamini kwa kufuta faili moja moja. Toa kazi zako, ziskani kwenye mashine nyingine safi, piga Windows halisi, washa Defender (antivirasi ya Windows yenyewe) na usiizime kwa ajili ya kitu chochote, na vile vitu vya bure vya magendo usivirudishe.

SWALI: Sasa. Niko Nakuru, nataka kununua laptopu ex-UK (iliyotumika Uingereza), core i5 ya kizazi cha 6, iko na Windows 10 na inafanya poa. Kuna haja ya kuinstoo upya ama niiache tu hivyo?

JIBU: Instoo upya, hiyo hata usijiulize mara mbili. Hujui nani ameishika kabla yako wala nini kimeachwa ndani, na data hauna bado kwa hivyo hakuna unachopoteza. Tumia mashine nyingine kupakua Media Creation Tool (programu ya kutengeneza flashi ya Windows) kutoka kwa Microsoft wenyewe, flashi ya GB 8 inatosha, na uchague toleo lilelile lililokuwepo, kama ilikuwa Pro weka Pro, leseni itajirudi.

Shida yako iko kwingine. Windows 10 Microsoft waliacha kuiapdeti bure tarehe 14 Oktoba 2025, kuna mpango wa kujiandikisha upate za usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026 lakini huo ni wa muda. Na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), yako ya 6 haimo. Kwa hivyo kama hujalipa, ongeza kidogo utafute ya kizazi cha 8. Kama bei imekushika na kazi zako ni brauza na kuandika, Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) itaibeba vizuri kwa miaka.

Kitu cha mwisho na hiki usikipuuze: laptopu za ex-UK nyingi zilikuwa za maofisi, na zingine bado zimesajiliwa kwa kampuni ya zamani. Windows iliyoko sasa inaweza kuficha hilo, lakini ukiinstoo upya na kuunganisha intaneti unashtukia skrini inakukaribisha kwa jina la kampuni na kudai imeili ya kazi. Hapo hata uipige mara ngapi itarudi vilevile, kwa sababu usajili uko kwa seva zao. Kwa hivyo mwambie muuzaji hiyo kazi ifanyike hapo dukani, intaneti ikiwa imewashwa, na pia uingie BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) uone kama inaomba paswedi, alafu ndo utume pesa.